Kalokol: Nyimbo za mabibi na mababu zatafuta pa kuimbiwa

Ukitoka Lodwar kuelekea Ziwa Turkana, kabla hujaingia mji wa Kalokol, utayaona kando ya barabara mawe meusi yaliyosimikwa ardhini. Ni nguzo 19. Baadhi zimesimama wima, nyingine zimelala upande. Juu yake pana vijiwe vidogo, kila kimoja kimewekwa na mpita njia aliyetaka safari yake iwe na heri.

Hapa ndipo Namoratunga, mahali pa watu wa mawe. Wazee husimulia kwamba nguzo hizo zilikuwa watu, na watu hao walikuwa kwenye ngoma. Mgeni asiye wa kawaida, pepo kwa masimulizi ya wengi, akaingia uwanjani kucheza nao. Wakamcheka. Kicheko hakijawaisha vinywani, wakawa mawe.

Wataalamu nao wana yao. Mwaka 1978 watafiti wawili kutoka Marekani, Lynch na Robbins, waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota. Wenzao wakapima upya na kuwapinga. Mwaka 2018, wachimbaji wa Lothagam, upande huu huu wa ziwa, walieleza kuwa chini ya jukwaa moja la mawe walizikwa watu wasiopungua 580, jamaa za wafugaji wa kwanza wa eneo hili, takriban miaka 5,000 iliyopita.

Lakini mtoto aliyekulia hapa hakuyajua mawe hayo kutoka kwenye jarida. Aliyajua kwa bibi yake, usiku, baada ya mbuzi kuingia zizini. Na simulizi haikuja peke yake. Ilikuja na wimbo, na mtoto alipaswa kuitikia.

Leo jioni ikiingia Kalokol, muziki haukosekani. Spika ya kibanda cha simu inashindana na ya kinyozi, bodaboda inapita na nyimbo za injili, na watoto wanacheza mitindo ya Dar es Salaam na Johannesburg bila kukosea hatua. Sina ugomvi na furaha yao. Swali lililonileta hapa ni jingine: nyimbo za mabibi na mababu zimebaki wapi, na nani mwenye jukumu la kuzirithisha?

Babu na mjukuu, kundi moja

Kwa Waturkana, uhusiano wa babu na mjukuu si wa mapenzi tu, ni wa mpangilio wa jamii. Kila mwanamume huzaliwa katika moja ya makundi mawili: Ngimor, watu wa mawe, au Ngirisae, watu wa chui. Mtoto haingii kundi la baba yake. Baba akiwa chui, mwana ni jiwe, na mwana wa huyo mwana atarudi kuwa chui.

Maana yake ni kwamba mjukuu na babu yake hukaa upande mmoja. Kwenye sherehe za wanaume, baba yako ni wa ng'ambo ya pili na babu ndiye mwenzako. Mtindo wa mapambo ya manyoya, nafasi ya kukaa, hata upande wa kuanzisha wimbo, vyote mtoto alivipokea kwa kuruka kizazi kimoja.

Ndiyo maana pengo la leo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Jamii nyingine ikipoteza kikao cha babu na mjukuu, baba anaweza kuziba nafasi. Hapa baba, kwa desturi, hakuwa mwalimu wa jambo hilo.

Wimbo ulikuwa kazi

Bibi yangu, tuliyemwita Ata kama wajukuu wote wa huku wanavyowaita bibi zao, alikuwa na ngamia jike mkaidi. Alfajiri alimkamua amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameuegemeza kwenye goti, na juu ya paja ameweka elepit, chombo cha mbao cha kukamulia. Ndama aliachwa anyonye kidogo kuyaita maziwa, kisha mimi nikamvuta kando kwa shingo na kumshikilia.

Hapo ngamia hubana maziwa. Anajua ndama ameondolewa. Ata alianza kuvumisha sauti ya chini kooni, isiyo na maneno, mdomo karibu ugusane na ubavu wa mnyama. Kisha yakaja majina: jina la ngamia mwenyewe, jina la mama yake, jina la mahali alipozaliwa, jina la aliyemleta kama mahari. Mimi kazi yangu ilikuwa kurudia silabi ya mwisho ya kila jina. Nikichelewa, Ata hakunigombeza. Alilirudia jina mpaka niliposhika. Maziwa yakashuka yakilia ndani ya chombo, povu likapanda, naye akapunguza sauti kadiri chombo kilivyojaa.

Sikujua kwamba nafundishwa. Nilijua tu kwamba nisipoitikia, chai haitakuwa na maziwa. Lakini kufikia umri wa kwenda shule nilikuwa nimemeza ukoo wa mifugo ya familia, na ndani yake ukoo wa familia yenyewe, kwa maana kila mnyama alikuwa ameingia nyumbani kwa harusi, kwa urafiki au kwa deni la mtu fulani.

Kisimani nako kulikuwa na wimbo wake. Wakati wa kiangazi visima huchimbwa katika mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, virefu kiasi cha kuhitaji watu kadhaa kusimama mmoja juu ya mwingine na kupokezana maji hadi kwenye hori. Anayesimama chini hamwoni anayesimama juu. Wimbo ndio uliowafanya wainue kwa wakati mmoja. Mbuzi nao waliujua. Wa nyumba hii hawakusogea kwa wimbo wa nyumba ile.

Lakini kilele kilikuwa maksai. Kijana wa Kiturkana aliyefikia umri alichagua maksai mmoja awe wake wa moyoni. Alimvisha kengele shingoni, akamtengeneza pembe zikue kwa umbo alilolitaka, akachukua jina kutokana na rangi yake, na akamtungia wimbo. Alitunga akiwa peke yake malishoni. Kwenye edonga, ngoma ya kuruka ya jioni, aliinua mikono juu kwa umbo la pembe hizo na kuuimba mbele ya wasichana na wenzake.

Babu yangu naye alikuwa na wake. Mkono wa kulia aliunyoosha juu, wa kushoto akaukunja mbele ya uso, kiganja kikitazama chini. Hivyo ndivyo pembe zilivyokuwa. Maksai mwenyewe mimi sikumwona. Alikufa kwa ukame kabla sijazaliwa. Lakini hadi leo naweza kukuambia rangi ya ubavu wake, laga aliyopenda kunywea, na usiku ule alipotoroka washambulizi akarudi zizini peke yake.

*Maksai mwenyewe mimi sikumwona. Alikufa kwa ukame kabla sijazaliwa. Lakini hadi leo naweza kukuambia rangi ya ubavu wake.*

Mifugo ilipokwisha

Watu wengi hulaumu simu. Ni lawama rahisi, na naiona si ya haki. Nyimbo hizi zilianza kudhoofika kabla simu haijafika Turkana, kwa sababu zilikuwa zimefungwa kwenye kazi, na kazi yenyewe ikaondoka.

Waturkana huipa miaka mibaya majina. Unaokumbukwa zaidi ni Lopiar, wa 1980 au karibu yake. Ukame uliua mifugo, maradhi yakafuata, na bunduki zilizoporwa kambini Moroto, Uganda, baada ya Idi Amin kuanguka 1979 zikaufanya wizi wa mifugo kuwa vita. Familia zilizofagiliwa zikashuka ziwani na kwenye vituo vya chakula cha msaada.

Kalokol ni mji uliokuzwa na watu wa namna hiyo. Tangu miaka ya 1960 walihimizwa kuvua samaki, ushirika wa wavuvi ukaundwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ikagharimia kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi tu, kikasimama. Samaki wakaendelea kukaushwa na kutiwa chumvi juani, na wengine wao husafirishwa hadi Kongo.

Ziwa lenyewe halitulii. Lilirudi nyuma likaiacha ghuba ya Ferguson kavu, kisha miaka hii ya karibuni likafurika na kumeza nyumba za ufuoni Longech. Katikati ya hayo, kati ya 2020 na 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya.

Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa Kalokol mwaka 2015. Baba yake yuko majini usiku, mama yake anasuka vikapu vya mkoma au anapara samaki. Nyumbani hakuna ngamia wa kubembelezwa. Maji yanatoka kwenye mfereji, yakitoka. Bibi yupo, na mara nyingi ndiye anayemlea, lakini amwimbie mnyama gani?

Wavuvi wana nyimbo zao, ndiyo. Wapo wanaovuta nyavu kwa kuitikiana, na sauti ni zile zile za kisimani zilizobadilishwa maneno. Hilo hunipa moyo, kwani linaonyesha kwamba wimbo ukipata kazi mpya huendelea kuishi.

Jukwaa la Lodwar

Serikali ya kaunti, iliyozaliwa na ugatuzi wa 2013, ina jibu lake: tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar. Jina hilo ni mwito wa kurudi nyumbani, na huitikiwa na ndugu wa ukoo wa Ateker kutoka mipakani: Wajie na Wakaramoja wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia.

Aliyeliona tamasha hilo hawezi kulidharau. Vumbi hupanda, njuga zinalia, na wazee wa nchi nne huimbiana wakaelewana bila mkalimani. Kuna biashara ya hoteli, kuna heshima kwa watu ambao Kenya iliwasahau kwa miongo mingi.

Upungufu wake uko mahali pengine. Jukwaani wimbo hupewa dakika chache. Wimbo wa maksai unaohitaji kuanza polepole, kutaja mabonde na visima, kungoja kiitikio, hukatwa ukabaki kuruka na mavazi. Mtoto anayetazama kutoka nyuma ya uzio huona kwamba utamaduni ni kitu cha kuvaliwa siku ya wageni.

Shule nazo zina tamasha lao la muziki la kitaifa, na timu kutoka Turkana huenda na nyimbo za kienyeji. Huko kuna kazi nzuri ya walimu, wengi wao wakiwa wageni katika kaunti hii na lugha yake. Ila wanafunzi huchaguliwa wale wenye sauti, hufundishwa wimbo mmoja kwa muhula mzima, na majaji huupa alama.

Kanisa lilikuwa pande zote mbili

Wamisionari Wakatoliki waliingia Lodwar mwaka 1961, wakati wa njaa, na mwaka 1978 Lodwar ikawa jimbo. Kwa miaka mingi Misa imeimbwa kwa mahadhi ya Kiturkana, vigelegele na kuruka vikiwemo. Bibi wengi walihamishia huko sauti walizokuwa wakiimbia wanyama.

Yapo makanisa mengine yaliyofundisha kwamba edonga ni ya gizani, na muumini aliyeokoka aiache. Nimekaa na wanawake waliokata shanga zao na kuacha nyimbo siku moja. Sitawacheka. Edonga ilikuwa pia mahali pa kuchumbiana usiku, na mzazi Mkristo alikuwa na hofu zake. Lakini pamoja na ngoma ya usiku ziliondoka nyimbo za kulaza mtoto, za kusaga mtama, za kukamua, ambazo hazikuwa na dhambi yoyote.

Nyimbo za damu

Kuna mzozo mgumu zaidi, ambao wapenzi wa utamaduni hupenda kuuruka. Sehemu ya hazina hii ni nyimbo za uvamizi. Zinamsifu aliyerudi na ng'ombe wa jirani, zinamtaja aliyeuawa kwa dharau, na zinamwaibisha kijana aliyebaki nyumbani. Katika eneo ambalo watu bado wanauawa kwa sababu ya mifugo, wapatanishi wana haki ya kuuliza: hizi nazo tuwafundishe watoto?

Upande wa pili husema ukiondoa nyimbo hizo umeondoa historia. Ndani yake mna majina ya waliokufa, njia walizopita, sababu ya ugomvi. Hakuna faili la polisi lenye habari hizo.

Msimamo wangu ni huu: zihifadhiwe zote, lakini kwa watoto zitangulie nyimbo za mapatano, kwani nazo zipo. Mwaka 1973, huko Lokiriama, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walizika silaha zao ardhini wakaapa kutopigana. Kiapo hicho huadhimishwa hadi leo, kwa nyimbo. Kijana wa Kalokol anastahili kujua kwamba babu zake waliimba amani kwa ufundi ule ule waliotumia kuimba vita.

Kakuma, watoto bila babu

Mzigo huu wa kurithisha nyimbo si wa Waturkana peke yao. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katika kaunti hii hii, ilifunguliwa mwaka 1992 kupokea maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea bila wazazi. Leo kambi hiyo na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko.

Wengi wa wavulana wale walikuwa Wadinka, watu ambao nao huimbia maksai. Francis Deng alizikusanya nyimbo za kwao katika kitabu kilichotoka 1973. Hivyo mama wa Kiturkana anayeingia kambini na mzigo wa kuni kichwani hukutana na mgeni ambaye babu yake naye aliinua mikono kuonyesha pembe. Wamegombania kuni na maji, wamegombana hata kwa umwagaji damu. Juu ya jambo hili moja, sijawahi kuona taasisi yoyote ikiwaketisha pamoja.

Kakuma pia ina redio ya jamii, Ata Nayeche FM, iliyobeba jina la bibi. Kwa masimulizi, Nayeche alitoka nchi ya Wajie akifuata nyayo za fahali wa kijivu, Engiro, mpaka bonde la mto Tarash, na waliomfuata ndio waliokuja kuwa Waturkana. Kilima cha Moru Anayeche hukumbusha safari hiyo. Watu wanaojihesabu tangu bibi mmoja na ng'ombe mmoja hawana haja ya kuambiwa na mgeni umuhimu wa jambo hili.

*Watu wanaojihesabu tangu bibi mmoja na ng'ombe mmoja hawana haja ya kuambiwa na mgeni umuhimu wa jambo hili.*

Nani mwenye wimbo?

Wageni wenye vinasa sauti na kamera walishafika. Filamu tatu za David na Judith MacDougall, zilizopigwa Turkana katikati ya miaka ya 1970, zinasomeshwa vyuo vikuu vya ng'ambo. Mjukuu wa Kalokol anayetaka kuziona hana pa kuanzia.

Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na inaipa jamii haki juu ya nyimbo zake. Huku kuna utata wa ziada: wimbo wa maksai si wa jamii, ni wa mtu. Kuuimba bila yeye ni kumvua jina. Mzee akisema hataki unaswe, hapendi tu kuona jina lake likipita mikononi mwa watu asiowajua, na ana haki.

Kwa hiyo anayenasa lazima aandike zaidi ya sauti: ni nani aliyeimba, ni maksai gani, kisima gani, mwaka upi kwa jina la Kiturkana, na mjukuu yupi amepewa ruhusa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka Isukuti ya Waluhya wa Kakamega kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba wenye kuijua wamezeeka na warithi ni wachache. Turkana wazee hawapungui kwa umri tu; ukame nao huwachukua.

Fedha zinazohitajika si nyingi. Mtaala wa sasa unaruhusu lugha ya mama katika gredi za kwanza, na kipindi cha lugha hiyo katika shule nyingi za huku hukosa vitabu. Bibi wa Kalokol anaweza kukijaza, akilipwa kama mwalimu wa saa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kwa sababu ni mzee. Kaunti ingeweza kumwongeza kwa sababu anajua.

Redio za Lodwar na Kakuma zina saa za jioni. Kipindi cha bibi na mjukuu wakiitikiana, bila mtangazaji kuingilia kati, kingefika hadi kwa wachungaji walioko Loima wenye redio ndogo za betri, ambao mifugo yao ingali hai na nyimbo zao zingali kazini. Hao ndio walimu waliobaki. Mvua zikikosa tena watavuka kwenda Karamoja na mifugo, kama wafanyavyo kila kiangazi kikali, na wengine watakaa huko miezi mingi. Atakayewanasa inampasa afike kabla hawajahama.